Sura ya 6: Nani Asafiri, Mpasuaji au Mwalimu Wake?

Tangu mikutano ya mitandaoni ilipoenea mwaka 2020, ndugu wa wagonjwa wamekuwa wakiuliza swali moja: hivi kweli daktari anaweza kujifunza kupasua kwa kutazama simu? Wengine huuliza kinyume chake. Wamefika hospitali na mgonjwa wao, wameambiwa daktari wa upasuaji yuko semina Arusha na atarudi Jumatatu, nao wanataka kujua kwa nini semina hiyo isingefanyika kwenye kompyuta iliyo ofisini kwake.

Maswali yote mawili ni ya haki. La kwanza linatoka kwa mtu anayeogopa kupasuliwa na asiyejua kazi. La pili linatoka kwa mtu aliyemkosa kabisa wa kumpasua mgonjwa wake. Nitayajibu kwa kuitazama Mkiwa, mkoani Singida, pale ambapo barabara kuu ya kutoka Dodoma kwenda Singida na Mwanza inaachana na ile ya Itigi, Rungwa na hatimaye Mbeya. Mtu akizidiwa usiku Mkiwa, ndugu zake wanaweza kumkimbiza Itigi kwenye Hospitali ya Mtakatifu Gaspar ya Wamisionari wa Damu Azizi, au Manyoni, au Ikungi, au wasonge mbele mpaka Makiungu au Singida mjini. Orodha inaonekana ndefu. Lakini katika hospitali nyingi za namna hii watu wenye uwezo wa kufungua tumbo la mgonjwa ni wachache sana, na mkoa mzima, kwa sensa ya 2022, una watu zaidi ya milioni 2. Mmoja wa wapasuaji hao wachache akisafiri kwa wiki moja, pengo linaonekana.

Katika sura hii neno "mpasuaji" lina maana pana. Ni daktari bingwa wa upasuaji, yaani aliyesomea fani hiyo miaka kadhaa baada ya shahada ya udaktari. Ni daktari wa kawaida wa hospitali ya wilaya anayelazimika kupasua. Na ni daktari msaidizi, kada ambayo Tanzania imeitegemea tangu miaka ya 1960, na ambayo mikono yake imewazalisha kwa upasuaji akina mama wengi kuliko mabingwa wote. Hao wote wanahitaji kufundishwa, na kufundishwa tena, maana tiba haisimami.

Ngiri ya saa nane usiku

Tuseme mzee mmoja wa Mkiwa, mkulima wa alizeti, ameishi na ngiri ya kinena kwa miaka mingi. Ngiri ni sehemu ya utumbo inayopenya kwenye ukuta wa tumbo uliolegea na kujitokeza chini ya ngozi. Ya kwake hutoka anapobeba gunia na kurudi anapolala. Usiku mmoja imetoka na haikurudi. Imekuwa ngumu, inauma, na mzee anatapika. Madaktari huiita hali hii ngiri iliyonyongwa: tundu limeubana utumbo mpaka damu haipiti, na utumbo usiopata damu huanza kufa ndani ya saa chache.

Anafikishwa hospitali. Aliye zamu ni daktari kijana, na mbele yake kuna kazi tatu ambazo kila moja inadai ujuzi wa aina yake.

Ya kwanza ni kuamua. Je, hii ni ngiri iliyonyongwa kweli? Nimpasue sasa hivi, au nimpe rufaa ya Dodoma nikijua barabara itakula saa ambazo utumbo hauna?

Ya pili ni kufungua. Kisu kinapita ngozi, mafuta, kisha ukuta wa tumbo, tabaka baada ya tabaka, mpaka kwenye tundu lenyewe. Hapo utumbo uliovimba umelala chini tu ya wembe.

Ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Tundu limelegezwa, utumbo uko mbele ya macho, mweusi-mweusi. Je, uko hai? Mpasuaji huufunika kwa kitambaa kilicholowa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, akasubiri dakika kadhaa, kisha akaufunua. Rangi imerudi? Unang'aa? Ukiguswa unajikunja? Mshipa wake unadunda chini ya kidole? Akiurudisha tumboni ukiwa umekufa, utatoboka, na mzee anaweza kufa siku chache baadaye wodini. Akikata utumbo ambao ungepona, amemwongezea mzee jeraha kubwa asilolihitaji.

Kazi ya kwanza inafundishika vizuri kwenye skrini. Ya pili haifundishiki huko. Ya tatu iko katikati, na ndiyo inayotufanya tuandike sura nzima badala ya aya moja. Picha ya utumbo hai na utumbo mfu unaweza kuonyeshwa ukiwa popote, lakini kamera ya simu chini ya taa ya chumba cha upasuaji hubadilisha rangi, na mdundo wa mshipa hauna picha.

Kinachopita kwenye skrini

Mwaka 2003 daktari mmoja wa maradhi ya ini katika jimbo la New Mexico, Marekani, Sanjeev Arora, alichoka kuona wagonjwa wake wakisafiri mamia ya kilomita na kusubiri miezi kabla ya kumwona. Alianzisha mpango alioupa jina la ECHO. Kila wiki waganga wa vijijini walikutana naye kwa video, kila mmoja akaeleza mgonjwa wake mmoja bila kumtaja jina, na wote wakamjadili. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliotibiwa na waganga hao wa vijijini walipona kwa kiwango kilekile cha waliotibiwa chuo kikuu. Tangu hapo mpango huo umeigwa katika nchi nyingi, Afrika ikiwemo.

Inafaa kuangalia kwa nini ulifanikiwa. Homa ya ini aina ya C hutibiwa kwa dawa. Mganga alihitaji kujua dawa ipi, kwa muda gani, madhara yapi ayatazamie. Yote hayo ni maarifa ya kichwani, na maarifa ya kichwani husafiri kwa waya bila kupungua.

Upasuaji nao una sehemu kubwa ya kichwani, kubwa kuliko watu wanavyodhani. Chukua ugonjwa mwingine unaojulikana sana Afrika Mashariki: utumbo mpana kujisokota. Tumbo linavimba ghafla, mgonjwa hatoi hewa wala choo. Eksirei inaonyesha duara kubwa la hewa lenye mstari katikati, kama punje ya kahawa. Daktari asiyeijua picha hiyo atafungua tumbo usiku uleule, na mgonjwa dhaifu, na damu ya kuongeza haipo. Daktari aliyeiona mara kadhaa kwenye mkutano wa mtandaoni, akasikia wenzake wakibishana juu yake, atakumbuka kwamba kama hakuna dalili za utumbo kufa, mpira mrefu laini unaopitishwa njia ya haja kubwa unaweza kuufungua msokoto na kutoa hewa yote. Upasuaji utafanyika baadaye, mchana, mgonjwa akiwa na nguvu.

Mkutano wa namna hiyo huwa wa saa moja. Daktari wa Manyoni anaeleza. Mwenzake wa Mbulu anauliza. Bingwa aliye mjini anasubiri wote waseme, kisha anauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza: "Daktari, ulimpima kwa kidole njia ya haja kubwa kabla ya kuagiza eksirei?" Kimya. Kila aliyesikia kimya kile hatasahau kipimo hicho kwa mgonjwa wake anayefuata. Somo limepita, na hakuna aliyepanda basi.

Ufupi wa sehemu hii: skrini inafundisha kutambua, kuamua, kusubiri na kutoa rufaa kwa wakati. Hayo huwaokoa wengi, kwa sababu wagonjwa wengi wanaopotea baada ya upasuaji walipotezwa na uamuzi uliochelewa kabla ya kisu kushikwa.

Haydom, 2006

Kaskazini mwa Singida, ukivuka kuingia mkoa wa Manyara, iko Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa na Wanorwe mwaka 1955. Mwaka 2006 alifika huko Dilan Ellegala, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani. Wakati huo Tanzania nzima ilikuwa na mabingwa wa fani hiyo wa kuhesabika kwa vidole. Ellegala angeweza kufanya wanavyofanya wageni wengi: apasue kadiri awezavyo, apigwe picha, aondoke. Aliona kwamba siku atakayopanda ndege, huduma itapanda naye.

Akamchukua daktari msaidizi wa hospitali hiyo, Emmanuel Mayegga, akaanza kumfundisha mezani. Namna ya kutoboa fuvu ili kutoa damu iliyomkandamiza ubongo aliyepata ajali. Namna ya kuweka mpira mwembamba unaopunguza maji kwenye kichwa cha mtoto mwenye kichwa maji. Mkono wa mwanafunzi kwenye kifaa, jicho la mwalimu kwenye mkono. Ellegala alipoondoka, Mayegga aliendelea kupasua, na baadaye akamfundisha mwenzake, Emmanuel Nuwas, naye kwa njia hiyohiyo.

Wapo waliolalamika kwamba daktari msaidizi hapaswi kugusa ubongo. Hofu yao ilikuwa na msingi, lakini mimi nasimama na Haydom. Mtoto mwenye kichwa maji asiyewekewa mpira hupata ulemavu au hufa, na Dar es Salaam ilikuwa mbali vilevile kabla na baada ya malalamiko.

Kilichopita pale Haydom kisingepita kwenye waya wowote. Mwalimu alijua lini aseme "endelea" na lini aushike mkono wa mwanafunzi. Ujuzi huo haumo kwenye maneno. Umo kwenye nguvu ya kusukuma, kwenye sauti ya mfupa unapokaribia kupenyeka, kwenye ile sekunde ambapo ukinzani unaisha na lazima usimame papo hapo. Mwalimu aliye kwenye skrini anaona sekunde hiyo ikiwa imekwisha kupita.

Mfano mwingine unaonyesha vizuri zaidi mpaka kati ya kinachopita kwenye waya na kisichopita. Ngiri hushonwa vizuri kwa kuweka wavu laini unaouimarisha ukuta wa tumbo. Wavu wa viwandani ni ghali mno kwa mkulima. Huko mashariki mwa Uganda, katika hospitali ya misheni ya Kamuli, wanaume 302 walipasuliwa ngiri, baadhi kwa wavu wa viwandani na wengine kwa wavu wa kitambaa cha chandarua, uliokatwa na kuuawa vijidudu kwa mvuke wa moto. Baada ya mwaka mmoja makundi hayo mawili hayakuwa na tofauti ya maana. Matokeo yalitolewa 2016. Habari ya namna hii, pamoja na maelezo ya kitambaa gani kinafaa na kipi hakifai, inatosha kusambazwa kwa mkutano mmoja wa mtandaoni, na daktari wa Itigi akaipata siku moja na wa London. Lakini kuutandika wavu huo kwenye kinena, usikunjike, usibane mishipa ya korodani, ushikiliwe kwa nyuzi ngapi na wapi, hayo anahitaji mtu wa kusimama naye kwa wagonjwa wake wa mwanzo.

Barua kwanza, gari baadaye

Mabishano haya kati ya mbali na karibu yalikuwepo kabla ya intaneti. Mwaka 1957 Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa Mulago, Kampala, alianza kuona watoto wenye uvimbe wa ajabu kwenye mataya. Akataka kujua unapatikana wapi Afrika. Alichapisha vipeperushi vyenye picha za uvimbe huo, akavituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na misheni barani kote, akiuliza: mmewahi kuona hiki? Mamia walijibu. Kwa majibu hayo alichora ramani ya kwanza.

Lakini ramani ilikuwa na maswali ambayo barua haikuyajibu. Mwezi Oktoba 1961 Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walipanda gari la Ford lililokwisha kutumika, wakaondoka Kampala kuelekea kusini kupitia Tanganyika na nchi nyingine mpaka Afrika Kusini. Walisafiri takribani kilomita 16,000 katika wiki kama 10, wakizitembelea hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika walikaa na madaktari, wakaangalia wagonjwa, wakauliza tena. Ndipo ilipodhihirika kwamba uvimbe ule hufuata joto na mvua na huisha kwenye nyanda za juu zenye baridi, jambo lililofungua njia ya kuuhusisha na malaria. Leo saratani hiyo inaitwa kwa jina lake duniani kote.

Ninachokipenda katika kisa hiki ni mpangilio wake. Barua ndizo zilizomwambia aende wapi, na alipofika alikuwa tayari anajulikana kwa barua. Bila barua angezurura. Bila gari angebaki na ramani yenye mashimo. Burkitt alipata pia mahali pa kuwaeleza wenzake: Chama cha Madaktari Wapasuaji wa Afrika Mashariki, kilichoanzishwa 1950, ambacho mikutano yake ilihama kutoka nchi moja hadi nyingine.

Kipindi hichohicho, mwaka 1957, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees walianzisha shirika la madaktari wanaoruka kwa ndege ambalo leo ni Amref. Bingwa alitua kwenye kiwanja cha vumbi, akapasua pamoja na daktari wa misheni, akalala, akapasua tena, akaondoka. Na kati ya ndege moja na nyingine kulikuwa na redio ya upepo. Daktari wa porini aliita saa iliyopangwa, akaeleza, akashauriwa. Babu zetu wa tiba walikuwa na mfumo wa mbali na karibu kwa pamoja miaka 60 iliyopita, na teknolojia yao ilikuwa duni kuliko simu iliyo mfukoni mwa kila muuguzi wa leo.

Wasiopelekwa semina

Kuna faida moja ya mkutano wa mtandaoni ambayo huzungumzwa kidogo mno.

Semina ya ana kwa ana humwalika mtu mmoja, kwa kawaida daktari. Lakini mzee wetu wa ngiri hapasuliwi na mtu mmoja. Yupo mtaalamu wa usingizi, yaani anayempa nusukaputi au ganzi ya uti wa mgongo na kumwangalia anavyopumua. Yupo muuguzi wa chumba cha upasuaji anayehesabu vitambaa kabla na baada, ili kisibaki hata kimoja tumboni. Yupo wa kuosha na kuchemsha vifaa. Daktari anakwenda Arusha, anarudi na mapya, na anawakuta wenzake wakifanya kama zamani. Mara nyingi mapya yale hufa ndani ya mwezi.

Tanzania ina kisa chake hapa. Shirika la Afya Duniani lilipotunga orodha ya usalama ya upasuaji, karatasi yenye mambo 19 ya kusomwa kwa sauti kabla ya ganzi, kabla ya kisu na kabla mgonjwa hajatoka, liliijaribu katika miji 8 duniani. Mmoja ulikuwa Ifakara, Morogoro. Mingine ilikuwa London, Toronto, Seattle, Auckland, Amman, New Delhi na Manila. Matokeo yaliyotolewa 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Katika orodha hiyo hakuna ufundi mpya wa kushona. Mna kutaja jina la mgonjwa, upande unaopasuliwa, mzio wa dawa, dawa ya kuzuia usaha iliyotolewa kwa wakati, na idadi ya vitambaa. Ni jambo la watu watatu wanne kuzungumza, na muuguzi kuwa na ruhusa ya kumwambia daktari, "Subiri kwanza."

Ruhusa hiyo haifundishwi kwa daktari peke yake akiwa hotelini. Skrini ikiwekwa kwenye chumba cha mapumziko karibu na chumba cha upasuaji, timu nzima inakaa mbele yake. Muuguzi anamsikia bingwa wa Muhimbili au Bugando akisema kwamba kuhesabu ni lazima, na daktari wake anasikia kwamba muuguzi amesikia. Kwa hili tu, ningeuunga mkono mkutano wa mtandaoni hata kama usafiri ungekuwa bure.

Makosa hayaelezwi kwa usiyemjua

Kila hospitali nzuri ina kikao ambamo madaktari hueleza waliokufa na waliopata madhara, na kuuliza nini kingefanyika tofauti. Ndicho kikao chenye mafunzo mengi kuliko vyote, na ndicho kinachodhurika zaidi kwenye mtandao.

Sababu si mtandao kukatika. Mtu hufungua kinywa kueleza kosa lililomuua mgonjwa mbele ya anaowaamini. Akiwa mbele ya vijisanduku 30 vyenye majina, vingine vimezimwa kamera, na taa nyekundu ya kurekodi inawaka, atasema habari nusu. Atasema "mgonjwa alichelewa kuletwa", jambo ambalo mara nyingi ni kweli na mara nyingine ni pazia.

Ndiyo maana walio na uzoefu wa kulea wapasuaji hupendelea kuanza kwa kukutana. Mwalimu anakuja, wanapasua pamoja, wanakula ugali na mlenda pamoja, anaona kwamba hospitali haina taa ya akiba na kwamba mashine ya kunyonya damu hufa umeme ukiyumba. Baada ya hapo, daktari kijana akipiga simu saa nane usiku, hamwombi radhi mgeni. Anazungumza na mtu aliyesimama upande wa pili wa meza yake. Na mwalimu hatamshauri kitu ambacho hospitali ile haina.

Jambo la faragha nalo liwekwe wazi. Picha za vidonda na eksirei huzunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu madaktari kama inavyowahusu mabenki. Uso, jina na namba ya faili haviendi kwenye kundi. Mgonjwa aombwe ruhusa kwa lugha anayoielewa, na kama ni Kinyaturu au Kigogo, basi iwe hivyo.

Posho na bando

Tuseme na hili, kwa kuwa kila mtu analijua. Semina ya ana kwa ana ina posho ya kujikimu, na kwa mtumishi wa wilayani posho ni pesa ya maana. Mkutano wa mtandaoni hauna posho, na mara nyingi unamtaka anunue bando lake mwenyewe. Saa moja ya video inaweza kula GB 1 au zaidi. Kisha tunashangaa mahudhurio yanaposhuka. Dawa yake ni rahisi: hospitali ilipie intaneti, mkutano uhesabiwe kuwa saa za kazi, na anayehudhuria apewe alama za mafunzo endelevu anazozihitaji kuhuisha leseni yake. Kamera zizimwe isipokuwa ya anayeeleza, na picha zitumwe mapema. Umeme ukikatika, sauti ya simu inatosha.

Basi nani asafiri?

Turudi kwenye maswali mawili ya mwanzo. Kwa aliyeuliza kama daktari anaweza kujifunza kupasua kwenye simu: mikono, hapana, uamuzi, ndiyo. Kwa aliyemkosa daktari kwa sababu ya semina: una haki ya kukasirika, kwa kuwa mara nyingi safari ile ilielekezwa upande usio sahihi.

Kwa muda mrefu tumezoea kwamba mwanafunzi humfuata mwalimu mjini. Kwa kusikiliza mihadhara, safari hiyo haina maana tena. Kwa kujifunza kwa mikono, mara nyingi haina maana pia: kule mjini daktari wa wilaya husimama mstari wa tatu nyuma ya wanafunzi wengine, akitazama mgongo wa bingwa, kwenye chumba chenye mashine ambazo hatazikuta kwake. Anayepaswa kusafiri ni mwalimu. Akija Itigi au Ikungi kwa siku tano, wagonjwa wa pale wanapasuliwa, timu nzima inajifunza kwa vifaa vyake yenyewe, na chumba cha upasuaji hakifungwi hata siku moja.

Nchi imeanza kuelekea huko. Tangu 2024 serikali imekuwa ikipeleka kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia kwenye hospitali za halmashauri, wakiwemo wa upasuaji, uzazi, watoto na usingizi, kutibu na kuwajengea uwezo watumishi wa pale. Nacho Chuo cha Madaktari Wapasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, COSECSA, kilichoanzishwa 1999 chenye makao Arusha, kimejengwa juu ya wazo kwamba mwanafunzi abaki kwenye hospitali yake akifanya kazi chini ya msimamizi aliyeidhinishwa, asome masomo ya nadharia mtandaoni, kazi iliyofanywa kwa ushirikiano na chuo cha madaktari wapasuaji cha Ireland, na akutane na wenzake kwa mitihani na mkutano wa mwaka. Udhaifu wa kambi ni kwamba bingwa akiondoka, uzi unakatika. Uzi huo ndio kazi ya mtandao.

Kwa hospitali inayowahudumia watu wa Mkiwa, ningependekeza mpango huu:

- Kila wiki, saa moja ya mkutano wa mtandaoni kwa timu nzima, mgonjwa mmoja au wawili tu, hakuna mihadhara mirefu.
- Kila miezi michache, mwalimu yuleyule aje kwa siku kadhaa. Wagonjwa wasio wa dharura, kama wenye ngiri na mabusha, wapangiwe siku hizo ili mikono ifanye kazi.
- Katikati ya ziara, mazoezi ya nyuzi na mafundo kwenye mguu wa mbuzi kutoka buchani, daktari akijirekodi kwa simu na kumtumia mwalimu.
- Kikao cha vifo kifanyike ana kwa ana, bila kurekodi.
- Mara moja kwa mwaka, daktari naye asafiri kwenda kwenye mkutano mkubwa, baada ya mwingine kuja kushika zamu yake.

Hilo la mwisho sikulitia kwa kubembeleza. Daktari anayefanya kazi peke yake huchoka, huzoea makosa yake, na mwishowe huhama. Anahitaji kukaa meza moja na wenzake, ajue kwamba shida zake ni za wengi. Asiende tu huku mlango wa chumba cha upasuaji umefungwa.

Ewe msomaji, huenda unakaa kwenye kamati ya usimamizi wa kituo chako cha afya au bodi ya afya ya halmashauri, au unamjua anayekaa. Bajeti ijayo ikiletwa, tafuta mistari miwili: intaneti ya chumba cha upasuaji, na mafuta, malazi na posho ya mwalimu atakayekuja. Kama haimo, omba iingizwe. Kisha uliza nani atashika zamu daktari wenu akisafiri, na jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.